Nilikifuta Kibali

Mwaka 2019 Netflix ilipotoa Holiday in the Wild, kisa cha mapenzi ya Krismasi huko Zambia ambacho wapenzi wake ni Rob Lowe na Kristin Davis, hakuna aliyelalamika Lodwar kunishinda. Tembo wa Afrika, mapenzi ya wageni! Nikaapa kwamba siku nitakayotengeneza yangu, kila uso utakuwa wa hapa.

Nikaandika. Kijana Mturkana wa Lodwar, msichana wa Sudan Kusini anayeishi kambini Kakuma, mamake kijana mwenye ulimi mkali, mbuzi wa sikukuu, vigelegele mwishoni. Nyuso nilizipata. Ila mifupa ya hadithi niliiazima kule kule nilikokulaumu. Filamu hizi husimama juu ya safari: mtu anafunga begi, anafika kwa watu, anapendwa. Basi msichana wangu naye akafunga begi, akaenda stejini, akapanda matatu, na kilomita kama 120 baadaye akashuka Lodwar akitabasamu.

Mkimbizi hasafiri hivyo. Kutoka kambini kuja Lodwar anahitaji kibali cha serikali. Hilo sikuhitaji kuambiwa. Nimepanda matatu za barabara ile, nimeona watu wakishushwa kwenye kizuizi, na sisi wengine tukaendelea na safari tukilalamikia joto. Mwigizaji wetu wa nafasi ya msichana, mwenyewe mkimbizi, alisoma ukurasa ule akaniuliza kibali kiko wapi. Nikamjibu kwamba hii ni filamu ya familia, tusiwaharibie watu Krismasi kwa mambo ya polisi. Akanyamaza, nami nikajifanya ameridhika.

Cha kuchekesha, kama kinachekesha, ni kwamba nyumba ya "Lodwar" tuliipigia picha Kakuma mjini, kwa kuwa yeye hakuwa na kibali cha kuja Lodwar. Ratiba nzima ya kazi niliipanga kwa kuizunguka karatasi niliyoifuta kwenye hadithi.

Filamu ilipoonyeshwa, Lodwar walipiga makofi. Kakuma walicheka, tena pale nilipotaka walie. Wale si watazamaji wa jana. FilmAid ilianza kuwaonyesha filamu kwenye skrini za uwanjani mwaka 2001. Matatu ilipopita njia nzima bila kusimamishwa, sauti kutoka nyuma ikamuuliza msichana wa kwenye skrini chai amempa nani. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Baadaye kijana mmoja aliniambia angefanyaje yeye: wapenzi wasubiri kibali, Krismasi ipite, mwaka mpya upite, hadi yule mama mkali achoke kungoja, apakie mbuzi wake kwenye gari na kuja Kakuma mwenyewe kumwona huyo msichana. Yeye hakuna wa kumzuia. Nilimsikiliza nikiona wivu. Ni hadithi bora kuliko yangu, na ina mapenzi zaidi.

Kuna jambo sijawahi kulisema. Siku ya onyesho la Lodwar mwigizaji wetu hakuwepo. Kibali chake kilipaswa kuombwa mapema, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Nikashughulika na mabango, nikasahau. Watu walipouliza yuko wapi, niliwaambia ana udhuru.