Macho Yaliyolala

Nalipwa senti moja ya dola kwa neno kuandika kuhusu mti ambao sijawahi kuugusa. Mteja wangu yuko Uholanzi, anauza vyungu na mikasi ya bonsai, na mwezi huu wote ametaka makala za jambo moja tu: namna ya kuufanya mti wa mepo utoe matawi mapya pale palipobaki wazi. Mepo ni jamaa ya ule mti wenye jani kwenye bendera ya Kanada, ila huu wa bonsai kwao ni Japani, na Wajapani huuita momiji. Hapa Nairobi haungefika mbali. Unataka baridi ya kweli, miezi ya kupukutisha majani na kulala, na baridi yetu ya Julai ni ya kuvaa sweta tu.

Makala zikitoka hazina jina langu. Hilo sina shida nalo. Stima inalipwa.

Kilichonikaa kichwani ni habari ya macho. Kwenye kila kifundo cha tawi la mepo kuna macho mawili yanayoelekeana, moja kushoto, moja kulia. Mengi ya yale ya chini hulala, hata miaka. Si kwamba yamekufa. Jicho la nchani hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo hushuka ndani ya tawi na kuyazuia ya chini yasiamke. Ukikata ncha, auksini inapungua, na ya chini yanaanza kufumbuka. Ndiyo maana mtu anayetaka tawi jipya karibu na shina hushika mkasi.

Hapo mjomba wangu angepiga makofi. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imemshinda mamangu, mjomba alikuja nyumbani, akanywa chai vikombe viwili, akaniambia, "Kijana, mti hupogolewa ndio uchipuke." Tangu siku hiyo nimeisikia kwenye matatu, kwenye redio, hadi kwenye harusi ya binamu. Ati kukatwa ni baraka. Ukisota, shukuru, unapogolewa.

Sasa mimi nimesoma mambo ya kupogoa kumshinda mjomba, na kwa heshima zote, wacha nimjibu.

Mti mdhaifu haukatwi. Macho yaliyolala huamka kwa akiba, yaani sukari ambayo majani yalitengeneza msimu uliopita ikahifadhiwa kwenye mizizi na shina. Kwa hivyo anayepanga kukata sana mwaka ujao, mwaka huu huuacha mti ujikulie ovyo. Anautia mbolea, anauacha utoe vitawi virefu vya kuaibisha, pengine anauhamishia chungu kikubwa au ardhini kabisa ili mizizi ipate kujinyoosha. Watunza bonsai waliohama Tokyo baada ya tetemeko la 1923 na kuanzisha kijiji chao Omiya mwaka wa 1925 walikuwa wakitafuta vitu hivyohivyo: nafasi, udongo mzuri, maji safi. Ukiukata mti uliodhoofika, badala ya kuchipua, tawi linaweza kukauka kurudi nyuma hadi shinani.

Halafu kuna mwanga. Mepo hutandaza majani juu kama mwavuli, vitawi vya ndani vikakosa jua na kufa kimyakimya. Wengine hupunguza majani mwanzoni mwa majira ya joto, wakiondoa moja katika kila jozi, ili jua lipenye. Hata hilo hufanyiwa mti wenye afya tu.

Mjomba hajawahi kuniuliza nilikuwa na akiba gani. Kijana ambaye wazazi wake wana ploti Ruaka akiacha chuo, anaitwa mjasiriamali.

Kuna pia shina zee lenye ubavu mtupu, pasipo na jicho la kuamsha, ukate usikate. Hapo wana njia ambayo nimeiandikia makala tatu na bado haijanichosha. Mwishoni mwa majira ya baridi, macho yakiwa bado yamefunga, wanatoboa tundu shinani kwa keekee. Wanachukua kitawi kirefu cha mti uleule, wanakipitisha tunduni polepole wasije wakavunja macho, mpaka jicho moja litokee upande wa pili palipo wazi. Kisha wanaziba kingo kwa dawa ya vidonda vya miti na kusubiri. Kitawi kinaendelea kula kutoka kule kilikotoka, huku kikinenepa ndani ya tundu hadi kibanane na shina, vishikane. Utajuaje kimeshika? Unalinganisha unene. Upande wa kutokea ukiwa mnene kuliko wa kuingilia, basi tawi limeanza kulishwa na shina hapo lilipo. Ndipo unakata kule nyuma. Huchukua mwaka, miwili, wakati mwingine zaidi, na anayekata mapema hupoteza tawi.

Mamangu hunitumia unga na maharagwe kwa basi la kutoka Kitale, kila mwisho wa mwezi. Juzi alinipigia.

"Na hiyo kazi ya kompyuta, inalipa?"

"Inalipa, Mama. Kidogokidogo."

"Basi mwezi huu nisitume maharagwe?"

Nikamwambia atume.