Kutoka Kishanda hadi Mlimani: Bumu si mshahara, jamani!

Ukitaka kumchokoza Mhaya, msomaji wangu, mwambie hajasoma. Atakujibu palepale "nshomile", yaani nimesoma, hata kama shule aliiona kwa nje tu akipita na mkungu wa ndizi kichwani. Ndilo jina la utani tulilopewa na watu wa mikoa mingine, nasi tumelipokea kwa mikono miwili. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini mtu akiniita nshomile huwa sikanushi. Wewe ungekanusha?

Sasa kwenye ukoo wetu pale Kishanda, wilayani Muleba, nshomile wa kweli ni mmoja tu, mdogo wangu anayenifuata. Yuko mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anasomea ualimu. Na mwezi Mei uliopita mimi ndiye nilitumwa kwenda kumkagua.

Ilikuwa hivi. Jioni moja ukoo ulikaa kikao barazani. Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wetu, akaanza: "Huyu kijana serikali inamlipa. Bumu limetoka, watu wote wanajua. Mimi nataka kujua, hela anakula na nani huko?" Watu wakaguna. Mama alikuwa amekaa pembeni anamenya ndizi, wala hakuinua kichwa. Mwisho wakaniangalia mimi. "Wewe Dar unaijua. Nenda ukamwone."

Baba mdogo msimlaumu sana. Anakumbuka mtu wa kijiji cha jirani aliyekwenda Mlimani miaka ya 1970. Enzi hizo serikali ilibeba kila kitu, masomo, kitanda na chakula, na yule bwana alirudi likizo amenenepa, ana redio na viatu vinavyolia njia nzima. Habari za kuchangia gharama zilikuja miaka ya 1990, lakini Kishanda hakuna aliyekuja kumtangazia Baba mdogo. Yeye bado anaona ile redio.

Basi nikafunga safari. Mama akanifungia kifurushi cha kahawa za kutafuna, senene wa kukaanga na ndizi ambazo nilijua zitaivia njiani. Alfajiri nikawa Muleba kusubiri basi.

Zamani wanafunzi wa kwetu walipanda meli Bukoba au Kemondo, wakalala ziwani, asubuhi wakafika Mwanza na kudaka treni ya Reli ya Kati. Na kabla Dar haijawa na chuo kikuu, wasomi wa Bukoba walivuka mpaka kwenda Makerere, Kampala, chuo kilichoanza mwaka 1922. Njia ya ziwa iliwaingia watu hofu baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996 na kuua watu zaidi ya 800. Kwetu mpaka leo kuna wazee ukiwatajia meli wanabadilisha mazungumzo.

Siku hizi ni basi. Biharamulo, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, zaidi ya kilomita 1,200 za kukaa kitako. Migomba inakuaga mapema, unaanza kuona pori, halafu mpunga, halafu mawe ya Singida yaliyopangwa kama mtu aliyaweka kwa mkono. Nikafika Mbezi miguu imevimba kama maandazi. Ndizi za mama, kama nilivyosema, zilikuwa zimeshaiva.

Kutoka Ubungo unapanda kilima, na hapo ndipo unajua kwa nini wanapaita Mlimani. Chuo chenyewe hakikuzaliwa hapo. Kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Mandhari yake si mchezo. Miti mikubwa, tumbili wanaruka bila kuulizwa kitambulisho, na Ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500 kabla sarafu haijachukua nafasi yake mwaka 2014. Nikasimama nikauangalia. Noti ngapi nilizikunja mfukoni bila kujua nabeba chuo kikuu!

Mdogo wangu nilimkuta kwenye kimbweta. Hizo ni meza na mabenchi ya zege yaliyotawanyika chini ya miti, ndiyo ofisi ya mwanafunzi wa Mlimani. Maktaba ipo, tena ile mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018 inachukua watu 2,100 kwa mpigo. Lakini kwenye kimbweta mnaweza kubishana. Alikuwa na wenzake wanne wanapiga msuli, maana yake wanasoma kufa na kupona.

"Shikamoo kaka," akasema, akasimama. Nikaona suruali imekusanywa kiunoni kwa mkanda kama mdomo wa gunia. Sikusema kitu.

Lugha ya pale unaweza kupotea. Desa ni maandishi ya masomo yanayorithishwa kutoka mwaka hadi mwaka, na kudesa ni kuyategemea hayo. Ukifeli somo unasapu, yaani unarudia mtihani. Ukizidisha unadisko, unaondolewa chuo. Hili la mwisho niliambiwa nisilipeleke kwetu, na nikaelewa. Mama akisikia mwanawe kadisko atadhani alikwenda kucheza muziki, atanuna siku mbili, kumbe alitakiwa alie.

Na bumu? Bumu ni fedha ya chakula na malazi anayopewa mwanafunzi mwenye mkopo. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, na inakuja kwa mafungu. Likitoka fungu la siku 60 ni laki sita. Siku ya kusaini bumu chuo kizima kinanukia chipsi kuku. Watu wanacheka na watu ambao jana hawakusalimiana.

Jioni tukashuka Msewe, anakoishi. Hosteli zipo, za zamani na zile za Magufuli zilizofunguliwa Aprili 2017, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, lakini yeye na mwenzake waliamua kupanga geto. Chumba kimoja, magodoro mawili, ndoo, jiko la gesi dogo na pasi. Wanalala watatu. Huyo wa tatu ni kijana wa Kasulu ambaye hana mkopo, kwa hiyo kodi wanalipa wawili na yeye anabebwa. Mlimani wanaita kubebana. Usiku ule na mimi nikabebwa, tukawa wanne, kila mmoja analala kwa ubavu kama dagaa.

Nikafungua kifurushi cha mama. Msomaji, wale senene walidumu dakika saba. Kijana wa Kasulu, ambaye alisema kwao hawali wadudu, ndiye aliyekung'uta mfuko.

Ndipo nikauliza. "Leo mmekula nini?"

Wakaangaliana. "Tumepiga pasi ndefu," akajibu mdogo wangu.

Pasi ndefu ni kuunganisha. Unavuka chai, unavuka mchana, unakula mara moja saa kumi jioni ili ikupeleke mpaka kesho. Nikamwambia, sasa hapa ndipo nilipotumwa. Laki sita unakula na nani?

Hakukasirika. Akatoa daftari. Mwalimu mtarajiwa huyu, kila kitu kimeandikwa kwa mistari. Kodi ya miezi miwili upande wake, 60,000. Kutoa kopi na bando la intaneti la kazi za darasani, 60,000. Sabuni, gesi na mengineyo, 40,000. Ada, kwa sababu mkopo wake haulipi ada yote, 100,000. Halafu ukurasa mwingine, umeandikwa juu yake "Nyumbani". Godoro na sare za dada yetu aliye kidato cha tatu, 90,000. Maana ada ya sekondari za serikali ilifutwa mwaka 2016, lakini godoro halijafutwa. Dawa za mama, 50,000. Msiba, 20,000. Baba mdogo, mbolea, 30,000.

Na mstari wa mwisho: Kaka, 30,000.

Kaka ni mimi. Nilimpigia simu Aprili nikamwambia nimekwama, nikasema nitarudisha wiki inayofuata. Nilikuwa nimeshasahau. Yeye hakusahau, ila hakunikumbusha.

Jumlisha mwenyewe. Zinabaki 120,000 za siku 60. Shilingi 2,000 kwa siku, sahani moja ya wali maharage na maji ya bomba. Suruali ilikuwa inasema kweli.

Usiku sikulala vizuri, na si kwa sababu ya ubavu tu. Nilikumbuka mfano ambao Mwalimu Nyerere alipenda kuutoa kuhusu wasomi. Kijiji kina njaa, wanakusanya chakula chote kilichobaki wanampa kijana mmoja ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila akatokomea, huyo ni msaliti. Mwalimu hakuwa anatania. Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha nyumbani zaidi ya 300, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe.

Mfano huo wazee wetu wanaujua na wanaupenda. Lakini mimi pale Msewe niliona upande wake mwingine. Sisi tumempa kijana chakula cha safari, kisha kila anapopiga hatua tunamwita arudi tuonje kidogo. Atafika saa ngapi?

Tena chakula chenyewe si chetu. Bumu ni mkopo. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, na akipata ajira atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Kwa hiyo ile mbolea ya Baba mdogo ni deni. Elfu 30 yangu ni deni. Tumekopa serikalini kwa jina la mtoto, na yeye ndiye atakayelipa.

Nilirudi Kishanda na ndoo ya samli na taarifa. Kikao kikaitishwa, watu wakajaa, kila mtu anataka kusikia huyo mwanamke wa Dar anaitwa nani. Nikatoa karatasi niliyonakili, nikasoma mstari mmoja mmoja. Nilipofika kwenye mbolea, Baba mdogo akakohoa. Kumbe kila mtu aliomba kwa siri, akidhani ni yeye peke yake. Nilipomaliza na jina langu nikalisoma, kwa sauti ileile.

Kimya. Kisha Baba mdogo akasema polepole, "Waitu, kumbe ni deni?"

"Ni deni, Baba."

Mama akaacha kisu. "Anakula mara ngapi?" Nikamwambia ukweli. Hakulia, ila ndizi hazikumenywa tena jioni ile, tulikula viazi.

Wakakubaliana mahitaji ya dada yetu yatoke kwenye kahawa, kwani msimu ndio ulikuwa unaanza. Baba mdogo akasema mbolea ataangalia. Hakusema ataangalia nini, lakini tangu siku hiyo simu ya kuomba hajapiga, nimeulizia.

Wewe mwenye mtoto chuoni, au mdogo, au shemeji, usikae barazani ukapiga hesabu ya bumu lake. Kabla hujampigia simu kuomba, muulize kwanza amekula saa ngapi. Na nawe mwanafunzi, kutuma kwenu ni upendo, lakini sema ukweli wako. Nyumbani hawana njia ya kuuona mkanda wako kutoka Muleba.

Ama kuhusu elfu 30, nimeshatuma elfu 20. Mdogo wangu, kama gazeti hili limefika kwenye kimbweta chako, elfu 10 iliyobaki inakuja. Safari hii sikuahidi wiki ijayo.