Uzito wa chukudu: kilo zipi zinachosha kweli?



Vijana wanaotaka kununua chukudu huniuliza mara nyingi: "Kaka, nichukue nyepesi ao nzito?" Swali hilo si la mchezo. Kwa familia inayokimbia, chukudu ndiyo gari la godoro, sufuria na mzee asiyeweza kutembea. Mkifika kambini, ndiyo inaleta maji na kuni, na ndiyo inatafuta franga za unga. Nitasema ninavyoona, mimi niliyekua nikisukuma chukudu ya baba mdogo kwenye njia za Masisi.

Mwezi wa 9 mwaka 2025, jirani zetu wa Kigali walipokea mashindano ya dunia ya kinga. UCI, shirika la kinga la dunia, linakataza mashindanoni kinga yenye uzito chini ya kilo 6.8. Wale watu wanalipa pesa nyingi kwa kupunguza gramu. Lakini hawabebi kitu, isipokuwa mwili wao na chupa ya maji. Sisi tunabeba magunia.

Tufanye hesabu. Tuseme chukudu moja ina kilo 40, nyingine 50. Pakia kilo 300 za viazi ao makala juu ya kila moja. Sasa ni 340 na 350. Tofauti ni nusu ya bidoni ya lita 20 tu. Ukishuka kuelekea Sake na mzigo ule, hautaisikia. Utakachosikia ni rulema iliyokauka grisi, mzigo uliopakiwa vibaya mpaka usukani unayumba, na breki, kile kipande cha mpira wa gari unachokanyaga juu ya gurudumu la nyuma. Kikiisha, kilo zote zinakusukuma wewe.

Lakini ukishauza, unarudi mtupu. Ziwa Kivu liko kwenye metre 1,460, na milima ya Masisi inapita 2,000. Hapo unasukuma mbao peke yake, na zile kilo 10 ni sehemu moja kwa tano ya uzito wote. Ndiyo hali ya familia inayohama pia: vitu vichache, mlima mrefu, mama na watoto ndio wanasukuma. Kwa hiyo uzito wa mbao unachosha mhamiaji kuliko mfanyabiashara.

Basi tutafute nyepesi? Ndiyo, lakini tujue wepesi umetoka wapi. Fundi mwenye haraka anapunguza unene wa ule mti wa katikati. Chukudu inakuwa nyepesi, halafu inavunjika njiani, pale ambapo hakuna wa kukusaidia. Wepesi mzuri unatoka kwenye kukausha. Mkaratusi uliokatwa juzi umejaa maji. Unayanunua, unayasukuma, halafu ukikauka juani unapasuka. Mti uliokaushwa polepole kivulini unapoteza uzito mwingi na unakuwa mgumu zaidi.

Kule Walikale, kwenye matope ya msitu, wengi wanasukuma kinga ya chuma. Sheria ni ileile: afadhali kilo mbili zaidi za chuma kuliko kuvunjika mbali na mtu wa kuunganisha.

Goma ilisimamisha sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu mwaka 2009. Ni heshima kwa wanaosukuma. Ninyi mnaonunua, msiishie kuinua chukudu kwa mkono. Muulize fundi mti ulikatwa lini. Gonga mbao: iliyokauka inalia, mbichi inanyamaza. Zungusha magurudumu, usikilize rulema. Kisha panda juu yake na mtu wa pili. Ikilia kabla ya mzigo, iache hapo.