Nta ya John Dee

Safari yangu ya kwanza London niliipania kwa jambo moja: kuviona vyombo vya John Dee, mwanahisabati na mnajimu aliyemchagulia Malkia Elizabeth wa Kwanza siku ya kuvikwa taji, 15 Januari 1559.

Nilishuka kituo cha Tottenham Court Road mvua ikinyunya, nikaifuata Great Russell Street hadi Makumbusho ya Uingereza. Langoni walinikagua mkoba, kiingilio hakuna. Vyombo vimo Chumba namba 1, ukumbi mrefu uliojaa makabati ya vitabu.

Watu walikuwa wamekizunguka kioo cheusi cha mviringo, chenye kishikio kifupi kilichotobolewa tundu. Hicho ndicho chenye sifa. Ni obsidiani, jiwe la volkano, na waliokichonga ni Waazteki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa jiwe lake lilitoka Pachuca, Mexico. Lakini habari kwamba Dee alikitumia inategemea zaidi maneno ya Horace Walpole, mwandishi na mkusanyaji wa vitu vya kale aliyekipata mwaka 1771, Dee akiwa kaburini zaidi ya karne moja na nusu.

Mimi nilinaswa na nta. Ni kisahani kinene cha rangi ya kahawia, kipana kama sahani ya wali. Nikainama hadi pumzi ikatia ukungu kwenye kabati. Pembezoni kuna herufi na tarakimu, ndani yake umbo la pande saba, na katikati kabisa nyota ya pembe tano. Kila upenyo umejazwa majina ya Mungu na ya malaika, na alama za ncha iliyochora bado zinaonekana.

Dee mwenyewe aliandika namna alivyoagizwa na malaika kukitengeneza mwaka 1582. Kilikaa mezani chini ya hariri nyekundu, na juu yake tufe la kioo. Kila mguu wa meza ulikanyaga kisahani kidogo cha nta. Kati ya hivyo vinne vimebaki viwili, navyo vipo hapo hapo. Msaidizi wa Dee, Edward Kelley, alilitazama tufe na kutaja anayoyaona, Dee akiandika. Walianza kwa sala. Kumwita Dee mchawi tu ni kumwonea: alikuwa akimwomba Mungu elimu ambayo vitabu vyake, na alikuwa navyo maelfu, havikumpa.

Ukijaliwa kufika, usiishie kwenye kioo. Kile ni kazi ya mafundi wa Mexico, na heshima yake ni yao. Ukimtaka Dee, mtafute kwenye nta.