Kuchagua Hema

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hii hukaririwa sana na watu wasiopenda taabu ya kuchagua, kana kwamba imeharamisha uangalifu. Lakini methali humkemea mtu anayelaumu zana ili aikimbie kazi. Haimkatazi mkulima kutazama kama mpini una ufa kabla ya kutoa fedha zake. Nilipata sababu ya kulitafakari jambo hili nilipopewa kazi ya kununua mahema ya chama cha safari za miguu katika shule ninayofundisha, karibu na Buruburu.

Buruburu ni mtaa wa mashariki ya Nairobi uliojengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970. Wakazi wake wengi si mafukara wala si matajiri, na baadhi ya wanafunzi wetu hutoka katika mitaa ya jirani ambayo riziki yake ni haba zaidi. Chama kilikuwa na wanafunzi kumi na wawili, na shilingi elfu thelathini za kununulia mahema sita. Safari ilikusudiwa kufanywa mwezi wa Agosti, katika Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, mpaka kambi ya Old Moses iliyo mita 3,300 juu ya usawa wa bahari. Kama bei ingezidi fedha hizo, ingetubidi kuwaongezea wazazi mchango, na nilijua watoto watatu ambao wangebaki nyumbani. Kama tungenunua mahema mabovu, wote wangekwenda na wote wangelowa. Huo ndio uliokuwa uzito wa kazi yangu.

Kulowa mlimani si jambo la kuchekewa. Kila tupandapo mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Nairobi iko takriban mita 1,700. Basi kambi ile huwa na baridi kuliko kwetu kwa nyuzi kama kumi. Mwili uliolowa hupoteza joto upesi kuliko mwili mkavu. Mtu hutetemeka, kisha ulimi huwa mzito na akili hupumbaa, naye asipokaushwa na kupashwa joto aweza kufa.

Nyumba ya kubebwa si ngeni katika nchi zetu. Warendile wa Marsabit hujenga nyumba za fito, mikeka na ngozi, na wahamapo huzibomoa na kuzipakia juu ya ngamia. Katika karne ya 19, wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji walichukua mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja, na miongoni mwa mizigo hiyo yalikuwamo mahema mazito ya turubai ya wasafiri wa Ulaya. Mwanafunzi hana ngamia wala mpagazi. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza ni uzito. Hema la watu wawili lenye kilo tatu hubebeka vyema likigawanywa: mmoja atie kitambaa katika shanta lake, mwenziwe achukue fito na vigingi.

Jambo la pili ni maji. Vitambaa vya mahema hupimwa kwa milimita. Kitambaa chenye kipimo cha 1,500 chaweza kuhimili safu ya maji yenye kimo cha mita moja na nusu kabla hayajaanza kupenya. Sakafu yahitaji kipimo kikubwa zaidi, kwa kuwa mwili wa mlalaji huikandamiza juu ya ardhi iliyolowa. Lakini kitambaa kizuri chenye mishono mibaya ni kama mtungi wenye tundu. Tazama kama mishono imezibwa kwa utepe upande wa ndani.

Jambo la tatu ni hewa. Pumzi za watu wawili hutoa mvuke mwingi usiku kucha, nao ukigusa kitambaa baridi hugeuka matone. Wengi huamka wakadhani hema limevuja, kumbe wamelowa kwa pumzi zao wenyewe. Dawa yake ni hema la tabaka mbili, la ndani lipitishe hewa na la nje likinge mvua, na nafasi baina yake.

Jambo la nne ni fito. Za alumini hudumu. Za nyuzi za kioo ni rahisi zaidi, ila ni nzito na hupasuka. Mwenye fedha kidogo aweza kuzichukua hizo za pili, maadamu anunue na vipande vya akiba.

Nikiwa na mambo hayo manne nilikwenda Gikomba, kwenye soko la mitumba. Mama mmoja muuzaji alinionyesha hema la kijani.

"Mama, niruhusu nilitandaze lote," nikamwambia.

"Litandaze, mwanangu," akanijibu. "Asiyekagua leo hurudi kesho na ugomvi."

Nililiinua kuelekea jua nikatafuta matundu, nikavuta zipu mara kumi, nikahesabu fito. Nilikataa mahema manne, nikanunua sita kwa siku tatu. Vigingi vilivyopungua nilitengenezewa na mafundi wa Kamukunji. Kisha tuliyasimamisha yote katika uwanja wa shule, tukayamwagia maji ndoo kwa ndoo, na wanafunzi wakaziba mishono iliyovuja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Fedha zilitosha, na wanafunzi wote kumi na wawili walikwenda mlimani. Usiku wa pili mvua ilinyesha mpaka alfajiri, na asubuhi nilipita hema baada ya hema nikishika mablanketi. Yalikuwa makavu.

Vijana wasomaji, mkipata hema, litunzeni. Msilikunje likiwa bichi, maana litaota ukungu. Wala msiliache juani siku nyingi bila haja, kwa kuwa jua la ikweta huozesha nailoni. Bei iliyoandikwa dukani ni sehemu moja tu ya gharama ya kitu. Sehemu nyingine hulipwa usiku, mvua inaponyesha. Mtu mwenye fedha chache hana budi kuwa na macho mengi.