Kishimo Kisichotiwa Damu

Katika likizo ndefu ya mwaka 2013, tukiwa bado wanachuo wa stashahada ya ualimu, tulijitolea kwa majuma sita katika maabara ya utafiti wa kinga ya mwili. Wakati huo chanjo ya malaria ya RTS,S ilikuwa ikijaribiwa kwa watoto wa nchi saba za Afrika. Hapa kwetu kazi hiyo ilifanyika Bagamoyo na Korogwe. Sisi hatukugusa sampuli za watoto hao. Tulipewa majimaji ya damu ya kujifunzia tu.

Kazi yetu ilikuwa kupima kingamwili. Kibao cha plastiki chenye vishimo 96 hupakwa sehemu ya kijidudu, kisha hutiwa majimaji ya damu. Kingamwili zikiwamo, hunasa. Kibao huoshwa, hutiwa dawa ya kuzitambua, huoshwa tena, ndipo hutiwa dawa ya rangi. Penye kingamwili hugeuka buluu, na asidi ikiongezwa huwa manjano.

Kibao chetu cha kwanza kiligeuka manjano chote, nasi tukafurahi. Bwana aliyetusimamia aliuliza neno moja tu: "Vishimo visivyotiwa damu vikoje?" Navyo vilikuwa manjano! Tulikuwa tumeosha kwa pupa, mabaki ya dawa yakatia rangi kila mahali. Tukiri hapa jambo ambalo hatukumwambia: tulikwisha kuviona, na katika daftari tulikuwa tumeziacha nafasi zake wazi.

Miaka kadhaa baadaye tulikwenda Sibwesa, mkoani Katavi, kukagua mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo mmoja alifundisha kwamba mbegu huhitaji maji ili ziote. Alileta kopo moja la maharagwe yaliyoota vizuri. Andalio lake la somo halikuwa na dosari. Msichana wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, na yasipotiliwa maji?" Akajibiwa, "Hayaoti, nimekwisha sema." Ubao ukafutwa.

Jioni hatukumkaripia, tulimsimulia habari ya daftari letu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kopo la pili alikuwa nalo, ila maharagwe mawili yalikuwa yameota humo pasipo kutiliwa maji, akalificha.

Asubuhi alilipeleka darasani. Watoto waliuchimbua udongo kwa vidole, wakaukuta una unyevunyevu, wakaanza kubishana kama ni mvua ya dirishani au udongo wenyewe ulichotwa mbichi. Kengele ya hesabu ililia, wala hakuna aliyeisikia.