Wazee wa Durban: Kustaafu na Kuwa Mzee



Mgeni anayefika Durban huoneshwa bahari, masoko na Msikiti wa Juma wa Mtaa wa Grey, ambao sasa unaitwa Dr Yusuf Dadoo. Mimi, kwa kuwa nimekwisha staafu, nilitaka kujua wenzangu wa huko huishi vipi baada ya kazi. Nilianzia Bayview, katika kitongoji cha Chatsworth, kwani huko wanakaa watu waitwao Wazanzibari.

Wengi wao asili yao si Unguja. Ni vizazi vya Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji waliochukuliwa utumwani, wakaokolewa majahazini na manowari za Kiingereza, kisha wakaletwa Natal baina ya mwaka 1873 na 1880 kufanya kazi za mkataba. Baadaye walikaa Kings Rest, upande wa Bluff, katika ardhi iliyosimamiwa na wadhamini wa Msikiti wa Juma. Hapo wajukuu walirithi Kimakua, na Kiswahili kidogo, kutoka vinywani mwa wazee wao, bila ya skuli wala kitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Bluff ilifanywa eneo la wazungu, nao wakahamishwa kwa nguvu. Serikali ikawaandika kuwa ni "Waasia Wengine".

Maandishi ya namna hiyo yaliufuata mwili wa mtu mpaka uzeeni. Sheria ya pensheni ya mwaka 1928 iliwahusu wazungu na machotara tu. Waafrika na Wahindi waliingizwa mwaka 1944, kwa viwango vya chini, na Mwafrika akawa wa mwisho kabisa. Wazee wawili wa umri mmoja, waliovunjika migongo kwa kazi moja, walipokea fedha mbalimbali kwa sababu ya neno moja kwenye karatasi. Usawa haukufika mpaka mwaka 1993.

Leo raia aliyetimiza miaka 60, mume au mke, kama kipato chake ni kidogo, hulipwa kila mwezi hata kama hakuwahi kuajiriwa. Kwetu Afrika ya Mashariki, kiinua mgongo na pensheni vilikuwa vya mwajiriwa. Mvuvi na mkulima pensheni yao ilikuwa watoto. Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi mwezi wa Aprili 2016, na Kenya ikafuata mwaka 2018.

Je, fedha hizo zinafanya nini? Katika nyumba za Wazulu nyingi, bibi, ambaye wao humwita gogo, ndiye nguzo. Ukimwi ulipowachukua wazazi vijana, pensheni yake ndiyo iliyonunua unga na sare za skuli. Mtaalamu wa uchumi Esther Duflo alizichunguza takwimu za Afrika ya Kusini za mwaka 1993, akaona kwamba pale pensheni ilipopokelewa na bibi, afya ya wajukuu wa kike ilikuwa bora. Ilipopokelewa na babu, tofauti hiyo haikuonekana.

Zipo pia nyumba za kutunzia wazee. Wahindi wa Durban walianzisha Aryan Benevolent Home mwaka 1921. Wala tusijigambe kwamba mambo haya ni ya wenzetu tu: Unguja ina nyumba za wazee za Sebleni na Welezo. Mzee asiye na mtu lazima apate pa kulala, na kumstahi huko ni wajibu.

Linalonitia wasiwasi ni mzee aliye na watu. Huku ugenini, mzazi tuliyemleta hupewa chumba chenye joto, dawa kwa wakati na televisheni. Aya ya 23 ya Surat Al-Israa inatukataza hata kuguna mbele ya wazazi, nasi twajiona tumeitimiza kwa sababu hatugunii. Lakini mjukuu hupita mlangoni pasi na neno, kwa kuwa hana lugha ya kumsemesha. Bayview imekwisha kuliona hilo. Kimakua kilichovuka bahari na utumwa kimepungua sana vinywani mwa vijana, na Kiingereza kimekikalia kiti chake.

Lugha yetu ina maneno mawili. Mstaafu ni mtu aliyeondoka kazini. Mzee ni cheo ambacho hakina siku ya mwisho. Gogo wa Durban hakustaafu, kwani ana watu wanaomhitaji. Basi nasi tuwape wazee wetu kazi yao: saa moja kila jioni, mjukuu akae na babu au bibi, televisheni izimwe, na Kiswahili kitawale. Mtoto akikosea, asahihishwe kwa upole; mzee akirudia kisa kile kile, asikilizwe. Kazi hiyo haitaki mshahara, na hakuna serikali yoyote itakayotufanyia.